Weka Dodoki Chini



Jumamosi moja mchana nilikuwa barazani kwa jirani yangu, mama wa watoto watatu. Alikuwa uani anamwogesha mwanawe wa kiume wa miaka 9, na mtoto alikuwa analia. Hakikuwa kilio cha kudeka. Mama ameshika dodoki kwa mkono mmoja na kichwa cha mtoto kwa mkono wa pili, anasugua shingo kama mtu anayesugua sufuria iliyoungulia wali. "Nongo hizi, mama, haziishi," akaniambia bila kuinua uso. "Namsugua asubuhi, namsugua jioni, ziko palepale. Shuleni wenzake wanasema haogi." Nikainuka nikaenda kuangalia. Nyuma ya shingo, chini kidogo ya kisogo, ngozi ilikuwa nyeusi kuliko mwili wote, imekuwa nene, ina vijimikunjo laini kama kitambaa cha mahameli. Pembeni, pale dodoki lilipopita mara nyingi, palikuwa pamechubuka.

Nikamwambia, "Mwanangu, weka dodoki chini. Hiyo si nongo."

Mimi si daktari. Kazi yangu ni kusoma, kuuliza wanaojua na kuwaeleza ninyi. Lakini shingo ile nilikwisha kuiona kwenye kliniki za watoto wenye unene uliopitiliza, na nilikwisha kuelezwa maana yake. Tunapokula, kongosho hutoa homoni iitwayo insulini, na kazi ya insulini ni kupiga hodi kwenye seli za mwili ili sukari iliyomo kwenye damu ikaribishwe ndani. Mtoto akinenepa kupita kiasi, seli huwa nzito kuitikia. Kongosho haliachi, linatoa insulini zaidi na zaidi, siku baada ya siku. Insulini hiyo ikizidi kwenye damu huichochea ngozi ya shingoni na kwapani ikawa nene na nyeusi. Ndiyo maana dodoki haliifuti hata ukisugua mpaka damu.

Na insulini hiyo hiyo ina neno inaloliambia ini kila saa: weka akiba, tengeneza mafuta. Ini linatii.

Wengi wetu ini tunalifahamu buchani. Ini zima la ng'ombe lina rangi ya damu ya mzee, linang'aa, ukilibonyeza linarudi. Ini lililojaa mafuta hupauka likaelekea manjano, huvimba kingo zake zikawa butu, na kisu kikilipitia hutoka na utelezi. Ini la mwanadamu ni vivyo hivyo. Lipo upande wa kulia, chini ya mbavu, na kwa mtu mzima lina uzito wa kama kilo moja na nusu. Linachuja, linahifadhi, linatengeneza nyongo, linapokea sehemu kubwa ya kilichotoka tumboni kabla hakijasambazwa mwilini. Mafuta yakizidi asilimia 5 ya ini, madaktari huhesabu kuwa hilo ni ini lenye mafuta. Na halisemi. Mtoto anacheza, anakula, analala. Mara chache atalalamika uchovu, au atashika ubavu wa kulia akasema panauma. Wengi hawasikii chochote kwa miaka.

Jirani yangu alimpeleka mtoto hospitali. Siku aliyorudi na majibu alikuja kwangu moja kwa moja, kanga imemteleza begani, karatasi mkononi. "Mama, wameniambia mwanangu ana ini la walevi. Mtoto wangu hajawahi hata kunusa pombe!" Aliyemsomea majibu yale huenda hakukusudia ubaya, lakini maneno yalimkata maini. Mama wa watu alitoka pale akifikiri labda kuna mtu mtaani anamnywesha mwanawe vitu.

Kauli ile ina historia yake, na ni vizuri tuijue ili isimtese mzazi mwingine. Kwa miaka mingi madaktari walipoona ini lenye mafuta na uvimbe, walimshuku mgonjwa kwamba anakunywa pombe na anaficha. Mwaka 1980, Jurgen Ludwig na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, waliandika habari za wagonjwa ambao maini yao yalifanana kabisa na ya walevi na wala hawakuwa walevi. Miaka 3 baadaye, mwaka 1983, madaktari wengine wa Marekani wakaeleza hali hiyohiyo kwa watoto wanene. Tangu hapo ugonjwa ukaitwa kwa jina refu lenye maneno "usiotokana na pombe". Mwaka 2023 vyama vya madaktari wa ini duniani vikakubaliana kulibadili, jina jipya liseme kwamba chanzo ni hitilafu katika namna mwili unavyotumia chakula. Kwa hiyo ukikuta karatasi mbili zina majina mawili tofauti, usifadhaike, ni ugonjwa mmoja. Na mzazi asikubali mtoto wake aitwe mlevi, hata kwa mfano.

Ila sisi wa Afrika Mashariki tulilijua ini la mtoto lenye mafuta kabla ya hapo. Watu wazima mnaonisikiliza mnaikumbuka kwashakoo, au unyafuzi: mtoto miguu imevimba, nywele zimekuwa nyekundu na nyepesi, ngozi inabanduka, tumbo kubwa, uso umenuna. Kampala, katika hospitali ya Mulago, madaktari Hugh Trowell, Davies na Dean waliuchunguza ugonjwa huo kwa miaka, na mwaka 1954 wakauchapishia kitabu. Moja ya alama zake kubwa ni ini lililojaa mafuta. Mtoto aliyelishwa wanga mtupu, uji mwepesi na muhogo, bila maharage, bila maziwa, bila samaki, ini lake lilikosa vifaa vya kuyasafirisha mafuta kuyatoa nje, yakarundikana mlemle.

Fikirini hilo kidogo. Mtoto wa kwashakoo na huyu mtoto wa jirani yangu, mmoja hana kitu, mwingine ana kila kitu, na maini yao yanapauka namna moja. Sababu ni mbili tofauti. Kwa yule, mafuta yalishindwa kutoka. Kwa huyu, mafuta yanatengenezwa mengi kuliko yanavyoweza kutoka. Lakini wote wawili wamekula chakula kisicho sawa, na neno letu utapiamlo linawatosha wote. Wala msidhani njaa imekwisha ndipo unene ukaingia. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 Tanzania ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Udumavu na unene vinakaa mtaa mmoja, na mara nyingine nyumba moja.

Kwashakoo ndiyo inayonifanya nisimlaumu bibi wa mtoto huyu. Bibi yake ni mama wa makamo yangu. Amezika watoto wa jirani waliovimba miguu. Baadaye ukaja UKIMWI, na Uganda walipouona kwanza waliuita Slim, kwa jinsi ulivyowakondesha watu. Kwa kizazi chetu, kukonda kulikuwa ni habari mbaya. Mtu akinenepa tulisema "umependeza", mtoto akinenepa tulisema nyumba ina neema. Bibi akimwongezea mjukuu kijiko cha tatu cha sukari kwenye chai, anamlinda na kitu alichokiona kwa macho yake. Upendo ule ni wa kweli. Kilichobadilika ni hatari yenyewe, na hatukuambiwa.

Sasa tuje kwenye sukari, maana hapa ndipo penye kazi.

Watu wakisikia ini lina mafuta wanakimbilia kuacha mafuta ya kupikia. Wanapika mboga kwa maji, wanaondoa ngozi ya kuku, halafu mezani jagi la juisi ya unga linabaki palepale. Nimeliona hilo zaidi ya mara moja, na linaniuma, kwa sababu familia inajitesa na ini haliponi. Sehemu kubwa ya mafuta ya kwenye ini la mtoto kama huyu haitoki kwenye kikaango. Mengine ini linayatengeneza lenyewe, na malighafi yake inayopendwa sana ni sukari.

Hili si jambo la jana. Warumi wa kale waliwanenepesha bata bukini kwa tini, lile tunda tamu, ili ini livimbe, lilainike, liwe kitoweo cha wakubwa. Ini hilo likaitwa kwa jina la tini, na jina likaenea mpaka likawa neno la ini lenyewe. Ndugu zetu wa Goma na Bukavu wanaosema Kifaransa wanaliita foie, na neno hilo limetokana na tunda lile. Leo Ufaransa bata hushindiliwa mahindi kooni, na ini lake huvimba mara kadhaa kuliko kawaida. Anachoshindiliwa hasa si mafuta. Anashindiliwa wanga na utamu, na ini linajua la kufanya.

Sukari ya mezani imeundwa na vitu viwili nusu kwa nusu: glukosi na fruktosi. Glukosi inatumika na mwili mzima, misuli inaichukua, ubongo unaichukua. Fruktosi sehemu kubwa inaishia kwenye ini. Ikija kidogokidogo, kama inavyokuja ndani ya chungwa zima pamoja na nyuzinyuzi zake, haina neno. Ikija kwa mkupuo, kwenye kinywaji baridi kilichogugumiwa jua kali saa saba mchana, ini linapokea shehena ambayo haliwezi kuitumia yote, na kinachobaki linakigeuza mafuta.

Mzazi unayenisikiliza, chukua glasi tupu na kijiko cha chai. Tia sukari kijiko kimoja, cha kufuta, si cha kurundika. Tia cha pili. Cha tatu. Endelea mpaka cha tisa. Tazama ilipofika. Soda ya kawaida ina gramu 10 na ushei za sukari kwa kila mililita 100, kwa hiyo chupa ya mililita 350 inabeba kama hivyo vijiko 9. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri sukari ya kuongezwa isifikie asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtoto anayehitaji kama kilokalori 1,600 kwa siku, hiyo asilimia 5 ni vijiko 5 vya chai. Chupa moja ya soda imekwisha kuvuka. Bado hajanywa chai ya asubuhi, hajala ubuyu wa rangi, hajapewa biskuti na mjomba.

Na juisi, wapendwa, hata ile ya matunda matupu uliyoikamua mwenyewe kwa mikono yako, shirika hilo linaihesabu pamoja na sukari. Asali pia. Nasema hivi nikijua ninamkera mtu, maana kwetu juisi ya embe ni heshima ya mgeni. Lakini glasi moja ya juisi ya machungwa inameza machungwa matatu au manne, nyuzinyuzi zimebaki kwenye chujio, na mtoto ameimaliza kabla hujakaa. Mpe chungwa lenyewe. Atalimenya, atalifyonza, atatema kokwa, na akimaliza moja au mawili atakuwa ameridhika.

Je, kuna ushahidi kwamba ukiondoa sukari ini linapungua mafuta? Upo. San Francisco, Marekani, watafiti waliwachukua watoto 41 wenye unene na dalili za hitilafu ya mwili, wakawapunguzia sana sukari kwa siku 9 tu, wakaweka wanga mahali pake ili nguvu ya chakula ibaki ileile. Mafuta kwenye ini yalishuka kutoka asilimia 7.2 hadi 3.8, kwa kipimo cha mtoto wa katikati. Utafiti huo ulikuwa mdogo na haukuwa na kundi la kulinganisha, hivyo peke yake usingenitosha. Lakini mwezi Januari 2019 ukatoka mwingine, wa wavulana 40 wa miaka 11 hadi 16 waliokuwa tayari na ugonjwa huu. Nusu yao waliendelea na chakula chao cha kawaida. Nusu ya pili walilishwa kwa wiki 8 chakula kilichobanwa sukari ya kuongezwa hadi chini ya asilimia 3 ya nguvu ya chakula. Hawa waliobanwa sukari, mafuta ya ini yalishuka kutoka asilimia 25 hadi 17. Wale wengine yalitoka 21 yakafika 20.

Kuna jambo katika utafiti huo wa pili ambalo watu hawalisemi sana, na kwangu mimi lina uzito kuliko hizo asilimia. Watafiti hawakumpa mtoto karatasi ya masharti wakamrudisha nyumbani. Waliandaa chakula cha nyumba nzima. Baba, mama, kaka, dada, wote wakala kile alichokula mgonjwa, kwa wiki 8. Walijua kwamba mvulana wa miaka 12 hawezi kukaa na glasi ya maji huku mdogo wake anafyonza soda pembeni yake.

Hapa nataka tuzungumze kama watu wa nyumba moja. Mtoto wa miaka 9 hana mfuko. Hajanunua soda kreti nzima ya sikukuu. Hakupanga chipsi mayai iwe chakula cha jioni cha siku tatu kwa wiki kwa sababu mama amechoka na foleni. Hajajiwekea simu mkononi ili wageni waongee kwa utulivu. Haya yote tumeyafanya sisi, kwa kuchoka, kwa upendo, kwa kutojua. Halafu majibu ya hospitali yakitoka, anayeambiwa "wewe acha kula" ni yeye. Anawekwa pembeni na sahani yake ya mchicha, wenzake wanakula pilau. Anaitwa Bonge. Shangazi akija anamfinya shavu mbele ya watu, "huyu anakula kwa niaba ya ukoo". Wote wanacheka, naye anacheka nao, kisha usiku anakula mkate kwa kujificha. Mtoto anayeaibishwa hapungui. Anajifunza kula gizani.

Kwa hiyo, kinachobadilika ni sufuria na jagi. Mezani paje maji, kwa wote, baba naye akiwemo. Kama baba hawezi kuacha soda, basi asiilete nyumbani. Chai ya maziwa ipunguzwe sukari kijiko kimoja kila wiki mbili, ulimi utazoea, na baada ya miezi miwili mtoto akinywa chai ya zamani ataiona kali kwa utamu. Jirani yangu alianza hapo, kwenye chai. Anasema wiki ya kwanza nyumba nzima ilinuna.

Chakula chetu cha asili hakina deni. Maharage, kunde, choroko, njegere, dagaa, samaki, mchicha, kisamvu, matembele, bamia, mlenda, nyanya chungu: hakuna chakula kilichoagizwa kwa ndege kinachovishinda hivi kwa mtoto mwenye ini la mafuta. Tatizo ni vipimo vya sahani. Tumezoea mlima wa ugali na kijito cha mboga chini yake. Geuza. Mboga na maharage vijaze nusu ya sahani na zaidi, ugali uwe wa kushikia mboga. Dona ni bora kuliko sembe, kwa sababu pumba na kiini vimebaki. Muhogo wa kuchemsha, viazi vitamu, magimbi, vinafaa kwa kifungua kinywa kuliko mandazi na mkate mweupe wenye jamu. Kuku wa kuchemsha na kurostiwa anatosha, chipsi ziwe za siku ya sherehe. Yai la kuchemsha halina neno.

Shuleni ni kugumu zaidi. Hela ya kula tunayompa mtoto kwa mapumziko ya saa nne inaishia kwenye kibanda kando ya geti, na pale vinavyouzwa ni juisi ya rangi kwenye kifuko, biskuti, pipi na vitu vya kukaanga. Mama mmoja aliniambia ameanza kumfungia mwanawe kopo la karanga za kuchemsha na ndizi mbivu moja, na chupa ya maji, na hela akaacha kumpa. Mtoto alilalamika siku tatu. Kamati za shule mnaonisikia, hilo ni jambo lililo ndani ya uwezo wenu. Anayeuza pale getini mnamjua kwa jina, kaeni naye, auze mihogo ya kuchemsha, machungwa, karanga. Hatapoteza wateja.

Michezo nayo ni tiba. Mtoto wa miaka 5 hadi 17 anatakiwa atoe jasho walau dakika 60 kila siku. Rede, kombolela, kuruka kamba, mpira wa makaratasi, kutembea kwenda shule pale penye usalama. Misuli inayofanya kazi inaichukua sukari kwenye damu bila kusubiri hodi nyingi za insulini, na mzigo wa ini unapungua hata kabla uzito haujashuka.

Kuna mambo matatu nawaomba msiyafanye. Msimshindishe mtoto njaa. Mwili wake bado unajengwa, na kupungua kwa kasi kunaweza kulidhuru ini lenyewe. Kwa watoto wengi inatosha uzito usimame mahali pamoja huku kimo kinaongezeka, urefu utaukuta uzito. Msinunue dawa za kusafisha ini, za kopo wala za chupa, anazotangaza mtu barabarani kwa kipaza sauti. Baadhi ya mitishamba huliumiza ini, na ini la mtoto huyu tayari limelemewa. Na msitafute kidonge. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2011 uliwajaribu watoto 173, wengine kwa vitamini E, wengine kwa metformini, na katika kipimo kikuu cha damu dawa hizo hazikuwashinda wale waliopewa kidonge kisicho na dawa. Mwaka 2024 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza ya ugonjwa huu, lakini ni kwa watu wazima. Kwa mtoto, dawa tuliyonayo ni chakula na jasho.

Mtu atauliza, kwani kuna haraka gani, si atapungua akikua? Wengine hupungua, ndiyo. Lakini mjini San Diego, Marekani, wataalamu walipitia maini ya watoto na vijana 742 wa miaka 2 hadi 19 waliofariki kati ya mwaka 1993 na 2003, wengi kwa ajali na sababu nyingine za ghafla. Waliokuwa na unene uliopitiliza, asilimia 38 maini yao yalikuwa na mafuta. Karibu 4 katika kila 10, na huenda wazazi wao hawakujua. Baadhi ya maini kama hayo huanza kuvimba, uvimbe unaacha makovu, na makovu yakizidi ini linakakamaa. Ini lina sifa ambayo moyo hauna, linajijenga upya. Mafuta yanaweza kutoka yote. Hata uvimbe unaweza kutulia. Kovu lililokomaa ndilo gumu kuliondoa, ndiyo maana nawasumbua leo, watoto wakiwa bado na miaka 9 na 10.

Wataalamu wa magonjwa ya tumbo na ini ya watoto wa Amerika Kaskazini walielekeza mwaka 2017 kwamba mtoto mwenye unene uliopitiliza apimwe ini kuanzia miaka 9 hadi 11. Kipimo cha kuanzia ni damu kidogo, inaangaliwa kimeng'enya kinachoitwa ALT. Kwa mvulana kikizidi 26, kwa msichana kikizidi 22, hapo kuna la kufuatilia. Angalizo: maabara nyingi huandika kiwango cha kawaida cha watu wazima, kilicho juu zaidi ya hapo, na mzazi anaambiwa kila kitu ni sawa. Uliza namba yenyewe. Iandike. Na ultrasaundi ikisema ini ni safi, isikutoe wasiwasi wote, kwa sababu mafuta yakiwa machache haiyaoni. Daktari atapima pia sukari, mafuta ya kwenye damu na presha, na atahakikisha hakuna ugonjwa mwingine wa ini, kama homa ya ini aina ya B ambayo kwetu bado ipo.

Jirani yangu amenipa ruhusa ya kusema haya, bila jina lake wala la mtoto. Kijana anaendelea na kliniki. Bado ni mnene. Mchubuko wa shingoni umepona.

Ninyi mlio nyumbani, kesho mkiwaogesha watoto, watazameni nyuma ya shingo na kwapani. Mkiona weusi ule wa mahameli kwa mtoto mnene, msisugue, msimgombeze. Mpelekeni kituo cha afya, na mkifika mseme hivi: naomba mwanangu apimwe sukari, naomba apimwe na ini.